Mlango wa Mwakani

"Shangazi, wewe unafundisha watu kuchora nyumba. Nyumba yako iko wapi?"

Aliyeuliza alikuwa bado hajaweza kufunga kamba za viatu vyake mwenyewe, meno ya mbele yameng'oka na mkate umemjaa mdomoni. Aliyeulizwa alikuwa mwalimu wa usanifu majengo chuo kikuu, mwenye miwani mbili, ya kusomea na ya kuonea mbali, na kikombe cha chai mkononi.

Kaka mtu, yaani baba wa mtoto, akaangua kicheko. "Mganga hajigangi," akasema. "Siku chuo kikimtoa kwenye ile nyumba yao, shangazi yako ataishi ndani ya karatasi."

Wifi mtu akamkanyaga mumewe mguu chini ya meza, lakini maji yalishamwagika. Shangazi alishusha kikombe kwenye kisahani, akakizungusha polepole mpaka mkono wa kikombe ukaelekea dirishani, kama mtu anayetafuta jua liko upande gani. Kisha akasema, "Maliza mkate wako kwanza, mama."

Mkate ukaisha. Meno yakaota mengine. Jibu halikuja, na mtoto yule, ambaye kwao walimwita Kwanini kwa sababu ambazo kila mtu alizijua, hakuacha kulingoja.

Ili kuelewa jinsi mtu mzima, tena msomi, anavyoweza kushindwa na swali la mtoto, inabidi kurudi nyuma mpaka enzi ambazo idara ya usanifu majengo ilikuwa haina jengo. Ndiyo, hivyo hivyo. Watu wa kufundisha majengo hawakuwa na jengo.

Idara ilianza kwa kuazima. Iliazima ghala refu la mabati kutoka kwa mainjinia, ambao walikuwa wakihifadhi saruji humo, na mpaka leo ukipiga teke ukuta wake unatoka vumbi jeupe. Iliazima ubao, ikaazima viti. Meza hazikupatikana hata za kuazima, kwa hiyo milango chakavu ililazwa juu ya mapipa, na wanafunzi wakachorea hapo. Shangazi, siku hizo msichana mwembamba mwenye rula ndefu kuliko mkono wake, alipewa mlango ambao tundu lake la ufunguo lilikuwa wazi. Penseli zake zilipenda kupita humo. Alikuwa akiinama kuokota, akiinuka anakuta vumbi la saruji limetua juu ya wino uliokuwa bado mbichi.

"Wapamba keki wameamkaje?" mainjinia waliwauliza wakipita dirishani.

"Tumeamka vizuri, wabeba zege," wasanifu waliwajibu, na mambo yakaishia hapo, kwa kuwa ghala lilikuwa la mainjinia na mdomo wa mwenye kuazima una mipaka.

Mvua ikinyesha, bati lilipiga kelele mpaka mwalimu akaacha kusema akaandika ubaoni. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuwa mkuu wa idara. Walimwita Mzee Rula, si kwa ukali, bali kwa sababu alitembea ameshika mstari na akifika kwenye kona aligeuka kama amekatwa na msumeno. Yeye ndiye aliyewapa kina Shangazi kazi yao ya mwisho: "Chora nyumba ya idara hii. Tuache kuwa wageni."

Darasa zima likachora. Siku ya kusahihisha, ambayo wanafunzi waliiita mahakama, michoro ilibandikwa ukutani na kila mtu akasimama mbele ya wake. Wa Shangazi haukuwa na makuu. Nyumba ya chini, imekunja mikono kuzunguka uwanja mdogo. Kibaraza pande zote. Darasa kubwa la kuchorea linalopata mwanga upande mmoja tu, ule usio na jua kali. Na mlango wa mbele mpana ajabu.

Mzee Rula alisimama hapo mpaka watu wakaanza kukohoa. "Mlango mpana hivi wa nini, binti? Unategemea tembo?"

"Watu wataingia wamebeba modeli zao mikononi, Mwalimu. Sitaki mtu atengeneze kijumba chake cha maboksi wiki nzima, halafu akivunje mlangoni."

Mzee Rula akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.  Mchoro huo ndio alioukunja akaenda nao kwa wakubwa, na wakubwa wakakubali.

Kiwanja kilipatikana nyuma ya ghala. Fundi mwashi mmoja, mtu wa maneno machache na mwiko uliong'aa kama kijiko cha harusi, akachimba, akamwaga zege, akapandisha tofali mpaka usawa wa goti. Wakati huo Shangazi alikuwa ameajiriwa pale pale, mwalimu msaidizi. Kila akitoka darasani alikwenda kusimama katikati ya nyumba yake isiyo na kichwa, akimsikiliza fundi akigonga tofali kwa mpini. Wanaomjua wanasema hajawahi kupendeza kama miezi ile.

Kisha wanafunzi wapya wakamiminika chuoni, wengi kuliko vitanda vilivyokuwepo. Fedha zikahamishiwa kwenye mabweni, na nani angepinga? Mtu hawezi kusoma usanifu akiwa amelala chini ya ngazi. Fundi akaosha mwiko wake, akaufunga kwenye gunia, akamwambia Shangazi kwa upole, "Usijali, binti. Tutamalizia mwakani."

Alimaanisha. Hiyo ndiyo sehemu inayouma.

Mwaka huo ulipofika, walisema mwakani. Uliofuata nao, mwakani. Basi wanafunzi, ambao hawajui kuheshimu huzuni ya mtu, wakapabatiza mahali pale Mwakani. Neno likashika kama gundi. "Uko wapi?" "Niko Mwakani." "Somo la asubuhi liko Mwakani, njoo na kofia." Mwishoni hata walimu walisema hivyo bila kucheka.

Kuna siku alikuja mkaguzi kutoka kwa wakubwa wa mbali, kuangalia kama idara inastahili kumaliziwa jengo lake. Alikuta ghala limefungwa, akamuuliza mlinzi wa getini.

"Walimu na wanafunzi wote wako Mwakani, mzee," mlinzi akamjibu kwa adabu zote.

"Wote?"

"Wote, mzee. Wamebeba na viti."

Mkaguzi akapanda gari lake akaondoka, akaandika kwamba idara imefungwa na itafunguliwa mwaka ujao. Ndivyo mwaka mwingine ulivyoliwa na neno. Shangazi alipoisimulia habari hiyo nyumbani kwa kaka yake, watu walicheka mpaka chai ikawapalia, naye akacheka nao. Halafu akainuka kwenda kupanga vyombo ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Sasa, kuhusu mlango.

Siku ya kwanza aliyopewa darasa la mwaka wa kwanza, Shangazi hakuwapeleka ghalani. Aliwapeleka Mwakani. Yeye alipita penye mwanya wa mlango, akasimama ndani akiwangoja. Kijana mmoja, mwenye miguu mirefu na haraka nyingi, akaruka ukuta wa goti akatua katikati.

"Umetoboa ukuta, baba," Shangazi akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa. "Rudi."

Wenzake wakacheka. Kijana akatazama alikotoka, akatazama mbele, hakuona ukuta. Lakini kuna kitu katika uso wa yule mwalimu mdogo kilichomfanya aruke tena nje, azunguke mpaka kwenye mwanya, aingie polepole, na, hili hakuna aliyemwambia, afute viatu kabla ya kukanyaga ndani.

Tangu hapo ikawa sheria ya idara. Mwakani hapaingiwi ila kwa mlango. Aliyekatiza ukutani alipewa adhabu yake: achore tundu alilotoboa, kwa vipimo na kwa umbo la mwili wake, kisha aonyeshe atakavyoliziba. Michoro ya matundu ikabandikwa ghalani, matundu manene, matundu membamba, tundu moja lenye kofia. Yule kijana wa miguu mirefu aliadhibiwa kuliko wote, kwa kuwa alichelewa kila siku na njia ya mkato ilimvuta. Kwa kuziba matundu akajifunza kujenga. Wakamwita Kiraka.

Hata Mama Ndoo, msafishaji wa idara, ambaye alianika matambara yake kwenye tofali za Mwakani, alizunguka mlangoni na ndoo yake kichwani. "Sitaki kesi na wasomi," alisema.

Na ndani ya kuta zile fupi masomo yaliendelea. "Fumbeni macho," Shangazi aliwaambia. "Hapa ndipo darasa kubwa. Mwanga unaingilia wapi?" Wanafunzi waligombana kuhusu madirisha yasiyokuwepo, mmoja akitaka yashushwe, mwingine akisema mvua itaingia. Mtu akitaka kupumzika alikwenda kukaa kibarazani, yaani kwenye majani, na wenzake hawakumshangaa.

Je, mtu anaweza kuitamani nyumba kama mtu mwingine anavyomtamani aliyesafiri? Mama mzazi wa Shangazi aliona hivyo. Alipokuwa hai alimtania, "Mwanangu, wewe unamngoja bwana wa zege." Maana alikuwepo mwalimu mmoja wa hesabu, mpole, aliyemletea Shangazi mchoro wa nyumba aliyotaka kujenga, eti amsahihishie. Kila wiki alirudi na mchoro ule ule wenye kosa jipya. Kila mtu alielewa kinachosahihishwa pale si nyumba. Shangazi naye alielewa. Akamwambia, "Ngoja kwanza kuta zangu zisimame." Mwalimu wa hesabu alingoja, akahesabu, akaona jawabu. Alioa mwingine, na nyumba yake ina madirisha mazuri. Shangazi ndiye aliyeyachora.

Kaka yake naye alimpa kipande cha ardhi pembeni ya nyumba yake. "Jenga vyumba viwili hapa, dada, tuzeeke pamoja." Shangazi akakaa na karatasi. Mkono ukachora kibaraza. Akaichana, akaanza upya. Mkono ukachora uwanja mdogo katikati, na mlango wa kupita watu wanne. Mwanamke mmoja anayeishi peke yake, mlango wa watu wanne wa nini? Akafunga penseli kabatini. Akaendelea kuishi kwenye nyumba ya chuo, ambayo dirisha la jikoni lilitazama ukuta wa jirani.

Mambo yakabadilika. Ile karatasi laini ya kuonyesha upande wa pili ikatoweka, pamoja na wembe wa kukwangulia wino. Kompyuta zikaja, zikavishwa mifuko ya nailoni, kwa sababu bati la ghala lilikuwa limechoka na mvua ilikuwa bado ile ile. Ndoo za Mama Ndoo zilipata kazi ya pili. Wanafunzi wa Shangazi wakawa wakubwa, wakajenga shule, benki, hospitali, na kila mmoja akirudi kusalimia alizunguka kupitia mlangoni, akiwa na tai na viatu vya ngozi.

Mzee Rula alirudi mara moja tu baada ya kustaafu. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, binti yake anamsukuma. Kiti kikapita penye mwanya bila kugusa tofali la kushoto wala la kulia. Mzee akatazama huku, akatazama huku.

"Bado mpana," akasema.

"Bado, Mwalimu."

"Ulijua nitakuja na tembo wangu."

Wiki chache baadaye akafariki, na Shangazi hakufundisha siku hiyo. Alikwenda kukaa kibarazani, kwenye majani.

Wengine wangekata tamaa. Yeye alibaki na tumaini moja, nalo halikuwa siri: kabla hajastaafu, aupite mwanya ule ukiwa na mlango. Hakuomba zaidi.

Mwaka wake wa mwisho kazini, fedha zikaja. Zilikuja kweli, si kwa maneno, pamoja na msanifu wa kulichora jengo, na msanifu huyo alikuwa Kiraka, sasa ana mvi na ofisi yake mwenyewe. Alikuja ghalani na mchoro ameuchapisha kwenye karatasi kubwa, ingawa wenzake walitaka auonyeshe ukutani kwa mashine. Alijua mwalimu wake hupenda kugusa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kiraka. Bado unaruka kuta?"

"Magoti yamekataa, Mwalimu."

Utaratibu ulikuwa kwamba mchoro hauendi mbele mpaka walimu wa idara wauridhie, na Shangazi ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Akavaa miwani ya kusomea. Ilikuwa ghorofa ndefu, safi, yenye mwanga mzuri. Mtu hawezi kumnyima mwanafunzi wake haki yake. Kidole chake kikatembea juu ya karatasi, kikazunguka, kikasimama.

"Hapa ndipo ulipo mlango wangu."

Kiraka akakuna mvi zake. "Hapo... hapo vimekaa vyoo, Mwalimu. Kiwanja kimetubana."

 Mama Ndoo, aliyekuwa akibadilisha ndoo chini ya bati linalovuja, akasema bila kugeuka, "Hata choo watu huingia kwa mlango."

Shangazi ndiye aliyecheka wa kwanza, na wengine wakapata ruhusa ya kupumua. Mkuu mpya wa idara, kijana bado, akajaribu kuokoa jahazi. "Haiwezekani msingi wa zamani tukauacha, tukajenga juu yake?"

Watu wakamtazama Kiraka. Kiraka akamtazama Shangazi, kwa sababu jawabu alilipata kwake, na hakuwa na ubavu wa kumrudishia.

"Msingi hubeba kile ulichoahidiwa," Shangazi akasema taratibu. "Ule uliahidiwa nyumba ya chini. Ukiutwisha ghorofa utawaangukia watoto wa watu."

"Basi ukitaka tuchore upya, Mwalimu, tutachora," mkuu wa idara akasema. "Itabidi tu tusubiri mpaka..."

Hakumalizia. Neno lilikuwa limesimama mlangoni na hakuna aliyetaka kulikaribisha. Tone likaanguka ndani ya ndoo. Likaanguka jingine. Shangazi alitazama wanafunzi waliokaa nyuma, kompyuta wamezipakata kama watoto walionyeshewa. Akaipapasa ile karatasi, akaikunjua kona iliyojikunja, akavua miwani.

"Jengeni," akasema. "Ila atakayevunja, aingie kwa mlango."

Siku ya kuvunja, katapila lilifika mapema, na dereva wake, mtu mnene mwenye kofia ya njano, alikuta mama mmoja mwenye mvi amesimama penye mwanya wa tofali.

"Mama, hili dude halipiti hapo."

"Naona. Liache nje. Wewe shuka upite."

"Nipite niende wapi?"

"Ndani."

Dereva akamtazama msimamizi wake. Msimamizi akainua mabega. Basi akazima injini, akashuka, akapita mlangoni. Akasimama uwanjani, akazungusha shingo, akavua kofia bila kujua kwa nini. "Hapa pangekuwa na baridi nzuri mchana," akasema.

"Pangekuwa," Shangazi akamjibu.

Dereva akatoka kwa mlango ule ule, akawasha injini, akafanya kazi yake. Kufikia mchana tofali za fundi zilikuwa lundo. Jioni udongo ulikuwa umesawazishwa, mwekundu na laini, hauna goti wala kibaraza.

Wiki zilizobaki Shangazi alifundisha ghalani. Akimaliza alikwenda kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, katikati ya udongo ule, akitazama. Na aliona kitu. Wanafunzi waliotoka maktaba walipovuka kiwanja hawakukatiza. Walifika mahali fulani ambapo hapakuwa na chochote, wakazunguka, wakaingia, wakatoka upande wa pili. Mama Ndoo alizunguka na matambara yake, ingawa hapakuwa tena na pa kuyaanika. Hata Kiraka, akipima mahali pa kuchomeka vigingi vyake, alifanya hivyo, kisha akajishika kiuno akatikisa kichwa.

Siku ya mwisho alikuja Kwanini. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari sasa, mrefu, sare ya shule na begi mgongoni, ametumwa na baba yake. Alimwona shangazi yake kwa mbali, akaja moja kwa moja juu ya ule udongo laini, akachuchumaa mbele yake.

"Shangazi, baba anasema chumba kiko tayari. Mama ameshapaka rangi. Twende nyumbani."

Shangazi hakuinuka. Aliutazama uso ule, meno yote sasa yamekamilika.

"Uliwahi kuniuliza kitu, mdomo umejaa mkate."

Kwanini akatabasamu, kisha akaacha. "Nilikuuliza nyumba yako iko wapi."

"Geuka uangalie ulipopita."

Akageuka. Nyayo zake zilikuwa zimekata kiwanja kwa mstari mmoja ulionyooka, peke yake, mbali na zile nyingine zote zilizokuwa zimezunguka.

"Umo ndani yake," Shangazi akasema, "na umetoboa ukuta. Rudi ukapite mlangoni, mama, ndipo tuzungumze mambo ya kwenda nyumbani."